Mikato Mitatu kwenye Janti

Kwetu Kolwezi siku hizi kila mtu ni fundi. Mtu akipata mashine ya kuchomea vyuma na miwani nyeusi, basi, ameshakuwa injinia, msalimie kwa heshima. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara ya Mashamba alikuwa wa kabila hilo. Alichomea vitanda, alichomea milango, na siku alizokosa kitanda cha kuharibu, alichomea kinga za watu.

Kinga ni baiskeli. Watu wa pwani wakisikia neno hilo wanafikiri ni kitu cha kumlinda mtu. Kwetu ni chuma cha magurudumu mawili chenye magunia matatu ya makala, yaani makaa, mgongoni, na hakimlindi yeyote. Mi nimezitengeneza miaka mingi, na nilikuwa najiona sana. Nilisema mbele ya wateja kwamba kutoka Lubudi mpaka Sandoa hakuna mkono unaofunga gurudumu kama wangu, na wale vijana wachimbaji waliokaa kwenye benchi langu wakingoja pancha walikubali kwa vichwa. Wangesema nini? Kinga zao zilikuwa mikononi mwangu.

Alasiri moja akaja mama mmoja anayekaa nyuma ya reli, anasukuma kinga yake. Kwenye kiti cha nyuma alikaa binti yake, wa miaka kumi na mitatu hivi, ambaye miguu yake haitembei. Mama alikuwa ameifunga ile miguu kwa kitambaa cha kitenge ili isiingie kwenye gurudumu. Gurudumu lenyewe lilitembea kama mlevi.

"Bonjour, tata," akasema. "Kesho asubuhi mutoto iko na egzame, mutihani ya kumaliza sixième. Ni mbali, kule ku shule ya bamaseri, masista. Itengeneze, tafazali, ituchukue."

Nikainamisha kinga na kuangalia. Eh! Zile rayo, nyaya nyembamba zinazoshika janti, ule mduara wa nje, na kitovu cha katikati, zilikuwa zimechomewa kila mahali zinapopishana. Mabonge matupu.

"Nani alikupikia huu ugali, hii bukari ya mabonge, mama?" nikauliza kwa sauti ili jirani asikie. Vijana wa benchi wakacheka. "Rayo inafungwa! Ukiichoma imekufa, haina nguvu tena, inangoja shimo la kwanza ikatike. Na weye macho yako yalikuwa wapi? Juu ya nini haukuleta kwangu?"

Mama akamtazama binti yake. Binti akatazama chini. Mi nilichukua hayo kuwa ni aibu.

Nikakata zile rayo kwa koleo, zote thelathini na sita, huku nikizitupa kuelekea barabarani, jirani azione. Kisha nikavua mpira, nikavuta ule utepe unaofunika ndani ya janti. Pale, kando ya tundu la valvu, kulikuwa na mikato mitatu ya tupa.

Hiyo ni alama yangu. Gurudumu lolote nililofunga mwenyewe nimelikata hivyo, na fundi mwingine hana. Nikaisugua kwa kidole gumba nikitumaini ni kutu. Haikuwa kutu.

"Mama, hii janti uliitosha wapi, uliipata kwa nani?"

"Ni yako, tata. Njo weye uliifunga, mwaka jana." Alizungumza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Siku mbili zikapita, nikasikia inalia. Nikakuya hapa. Ukasema muke anajua nini mu kinga, niende nipike. Nikakuya tena. Haukuinama ata kidogo."

"Halafu?"

"Ikakunjika pa njia ya egzame. Batoto benzake banaandika, siye tuko chini mu bulongo, mu vumbi."

"Nikadubla," binti akasema. Mwaka mzima alirudia darasa lile lile.

"Hapo njo tukaenda kwa yule wa ng'ambo," mama akamalizia. "Yeye aliinama kuangalia."

Na aibu iliyonishika, yarabi! Nilikumbuka ile siku ya "niende nipike". Nilikumbuka jinsi benchi lilivyocheka na jinsi nilivyojisikia mtu mkubwa. Uso wa mama sikuukumbuka kabisa. Mjinga wa ng'ambo alikuwa na mabonge yake, na mjinga wa huku alikuwa na alama.

Nikaanza upya. Nikachagua rayo mpya, nikazipitisha kwenye kitovu, kila moja ikipishana na tatu kabla ya kufika kwenye janti. Nikakaza, nikazungusha, nikakaza tena, mpaka ukingo ukapita karibu na msumari niliouweka kando kama kipimo bila kuugusa. Mwisho nikazipiga kwa ukucha moja moja, kwa sababu rayo zilizokazwa sawa hulia sauti moja. Nilikuwa nimesharidhika.

"Tata, ile moja inalia chini," binti akasema.

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Mutoto anajua nini! Neno lilifika kwenye meno, nikalimeza. Nikainama, nikaweka sikio, nikaipiga tena. Ilikuwa legelege kweli. Nikaikaza robo mzunguko, naye akatingisha kichwa kwamba sasa ni sawa.

Kesho yake nilifika kazini mapema kuliko kawaida. Njia ya kwa bamaseri inapita mbele ya mlango wangu, na nilitaka kuwaona wakipita mbio, mama amepanda, mtoto nyuma na rula yake. Nakiri, nilitaka na jirani aone.

Wakaja. Binti amevaa shati jeupe, miguu imefungwa kitenge. Gurudumu lilizunguka limenyooka kabisa. Barabara pale ni tambarare, haina hata shimo. Mama alikuwa anatembea kwa miguu, ameshika usukani kwa mikono miwili, anasukuma.

"Mama, panda!" nikamwita. "Imepona! Itakuchukua!"

Akanisalimia kwa heshima zote, bila kusimama.

"Tulitoka mapema, tata," akasema, "juu ya kutembea. Mwaka jana tulipanda."