Wimbo wa kukamua wa mama ulivuma, sasa ng'ombe amekataa

Wakuu, sopa.

Naandika haraka juu akili haijatulia tangu Jumapili. Sitaongeza chumvi. Hata ile sehemu ya kuniaibisha nitaiacha vile ilivyo.

Mimi ni producer. Niko na studio ya chumba moja hapa Kitengela, magodoro ukutani. Swali moja limenisumbua miaka: kwa nini wimbo huu unashika, na ule mwingine, umeimbwa vizuri kuliko huu, unakufa siku hiyo hiyo?

Nimesoma vitu mob. Rudia rudia, iwe fupi, hook, kile kipande cha kunasa, ije mapema. Nikafuata yote. Nyimbo zangu bado zilikuwa zinasikizwa na mimi na caretaker.

Basi December nikaenda nyumbani, upande wa Mashuuru. Nikapata Yeyo, mama yangu, akikamua Nanyokie, ng'ombe wetu mwekundu. Ndama wake alikuwa amekufa, na wenye mmefuga mnajua ng'ombe bila ndama hufunga maziwa. Yeyo humwimbia ndio aachilie. Ni mguno tu na jina yake. Anaguna, anamwita, halafu ananyamaza katikati.

Ananyamaza kwa nini? Anasikiliza kama maziwa imeanza kushuka. Ikishuka ndio anamalizia.

Nikarekodi na simu. Sikumuuliza. Mama yangu mwenyewe, nitaomba ruhusa ya nini?

Huku studio nikaongeza speed, na pale ananyamaza nikaweka makofi mawili. Ta-ta.

Wakuu, hiyo ndio siri nilikuwa natafuta. Kichwa ya mtu haipendi kitu ikiachwa katikati. Mwache akingoja kidogo, mpatie makofi, atamalizia na wewe. Halafu ataimalizia siku yote akiosha vyombo.

Ikashika! Car wash, salon, video fupi fupi za kila mtu, watoto wa shule wakipiga makofi pale pale. Nikaanza kutembea hapa town kama mheshimiwa.

Tamaa ikaniingia. Nilitaka views ziendelee kupanda. Nikamwambia dada yangu Silantoi, ambaye anakaa na Yeyo, aweke simu zote za nyumbani kwa repeat, mchana kutwa. Simu tatu dirishani, zinachajiwa na solar. Zikaimba wiki nyingi.

Jumapili akanipigia.

"Kuja nyumbani. Nanyokie amekataa."

Kiangazi hii ni Nanyokie peke yake ako na maziwa kwa boma. Na Silantoi ako na mtoto wa mwaka moja na nusu, anakunywa hiyo.

Nikafika, nikainamisha kichwa kwa salamu. Yeyo akaniguza utosini. Akachukua kibuyu akaenda kukamua. Nikamfuata.

Akaanza kuguna. Wakuu! Alikuwa anaimba yangu. Speed yangu! Akafika pale pa kunyamaza, hakunyamaza. Ulimi wake ukapiga ta-ta, akaendelea mbele. Hakuwa anasikiliza kitu. Nanyokie akageuza kichwa akamwangalia kama mgeni, akapiga kibuyu teke.

"Yeyo, ngoja pale katikati," nikamwambia.

"Pale wapi?"

Hakuwa anajua. Miaka yote amekuwa akingoja bila kufikiria, sasa hakuwa anajua ni wapi.

Akajaribu tena. Ta-ta. Mara ya tatu akajiziba mdomo na mkono, akaanza kulia. Sijawahi kuona huyo mama akilia, hata siku tulizika baba.

"Toa hiyo kitu kwa kichwa yangu," akasema. "Si ni wewe uliiweka?"

Nikatafuta ile recording ya kwanza nimchezee ajisikie. Nilikuwa nimeifuta, simu ilikuwa imejaa, na studio imebaki ile ya makofi tu. Producer mzima! Niliona haya, nikatoka nje nikajifanya naangalia mbuzi.

Simu tumezima zote. Daktari wa mifugo anasema pengine ni kelele tu ilimsumbua ng'ombe, atatulia. Labda. Silantoi anajaribu kumwimbia lakini yeye pia, ta-ta. Mimi mwenyewe nikiandika hapa inapiga kichwani.

Somo nimepata: kabla ya kuchukua kitu ya mtu uipeleke kwa watu, omba. Hata kama ni mama yako. Hasa kama ni mama yako. Sisi tunasifu wimbo ati umeingia watu bila hodi, hatuulizi umekuta nani huko ndani.

Wenye mtacheka, mcheke tu, nimestahili. Lakini kama kuna mtu hapa anajua vile wimbo hutolewa kichwani, tafadhali aandike leo, asingoje kesho.

Jana Nanyokie alitoa kikombe moja. Leo asubuhi, nusu.