Makofi Kibandani Gatsata

Nilitoka Kigoma kwa malori, nikapitia Bujumbura, nikafika Kigali nimechoka. Huko, katika mtaa wa Gatsata, nilipata kazi ya kutafsiri filamu za kutisha kwenye kibanda cha video. Zilitengenezwa na watu wasio na pesa: damu ilifanana na juisi ya nyanya, mayowe yalichelewa nyuma ya picha. Lakini hazikuwa na staa, kwa hiyo yeyote angeweza kuchinjwa, na hilo lilitutisha kweli.

Mjini watu walikuwa wakirusha maguruneti, hivyo mwenye kibanda alikaa mlangoni kutupekua. Alasiri moja mlipuko ulitikisa mabati, nasi tukapiga makofi tukidhani ni wa filamu.

"Leo sauti imewahi, kaka!" mtazamaji mmoja akanitania.

Kisha mlango ukaangukia ndani, mwenye kibanda akiwa juu yake, tumbo limepasuka. Alifia mikononi mwangu.

Kesho yake nilipanda lori la kwenda Rusumo, mpakani mwa Tanzania, na sijarudi.