Chai Aliyoikataa Alnashir

Kwanza mjue hivi: Alnashir Virani hakuwa mtu wa kuamini barua. Alizaliwa Unguja, akakulia Kampala, akatimuliwa Kampala na begi moja, na kila mara mambo yalipoharibika yalianza na karatasi yenye muhuri. Basi Septemba ya 1974, barua ilipofika kwao Queensbury, London, kwamba amepata nafasi ya kusomea shahada ya udaktari kwenye maabara ya saikolojia ya chuo kimoja mjini, mama yake alimshukuru Mungu. Yeye akaigeuza barua upande wa pili, kutazama kama kuna kitu kimefichwa.

"Mwaka mzima naomba kazi, naambiwa sina uzoefu wa London," akasema. "Viwanda havinitaki, posta hawanitaki, leo hawa wanitake hivi hivi tu? Kuna kitu."

"Kuna digrii yako ya Makerere," mama akamjibu. "Nenda, na huo ubishi uuache hapa nyumbani."

Akaenda nao. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba vinne chini ya ngazi. Alidhani atakuta chupa na panya, akakuta meza, tepurekoda na kabati la chuma lenye kufuli. Chumba kimoja kilikuwa na kioo kikubwa ukutani, unaweza kuchania nywele. Ukizunguka nyuma, kumbe kile kioo ni dirisha. Damu ikampanda.

"Hapa mnachungulia watu?" akamuuliza Dokta Jennifer, mkuu wa maabara, mama mrefu mwenye sweta lililotoboka kiwiko.

"Watoto tu, wakicheza. Na wazazi wao wanajua."

"Na mimi mnanichungulia kutoka wapi?"

Dokta Jennifer akacheka, akidhani ni utani. Alnashir hakucheka.

Utafiti ulikuwa juu ya waliofukuzwa Uganda: wanalala vipi, wanakula vipi, wanaogopa nini. Alnashir akapewa fomu kumi na mbili. Azirudishe Ijumaa zimejazwa sawasawa, ndipo aandikishwe mwanafunzi kamili. Zikiharibika, nafasi anapewa mwingine. Aha, akawaza, kumbe walichotaka ni ulimi wangu wa Kiswahili. Na kulikuwa na sharti: usile wala usinywe kitu kwa mtu unayemhoji, maana akishakuona mgeni wake atakujibu ya kukufurahisha tu.

Nyumba ya kwanza akaenda kwa Bi Mardhiya, mtu wa Unguja, jirani yao tangu Kampala.

"Shikamoo, Bi Mardhiya."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Chai hiyo hapo, na visheti nimekaanga leo."

"Leo sinywi, Bi Mardhiya. Nipo kazini."

Yule mama akaliweka birika chini polepole. Akamtazama mkononi, kwenye fomu, kisha usoni.

"Haya. Uliza."

"Unalala muda wa saa ngapi kwa usiku?"

"Nane."

"Kuna kitu unakiogopa?"

"Sina. Al-hamdulillahi, mzima kabisa."

Maswali arobaini, yote mzima kabisa. Alipofika mlangoni, Bi Mardhiya akamwambia, "Yule aliyekuja kutuhesabu Wahindi Kampala, mwaka wa sabini na moja, na miye nikaandikwa kwa kuwa mume wangu Mhindi, naye hakunywa chai. Mwaka wa pili tukafukuzwa. Nisalimie mama."

Kabla Alnashir hajafika kituo cha basi, simu zilikuwa zishapigwa Queensbury nzima mpaka Kingsbury. Nyumba kumi na moja zilizobaki zilimpokea kwa adabu, zikajibu upesi, na hakuna aliyemkaribisha hata maji.

Ijumaa Dokta Jennifer akazisoma zote, uso ukabadilika.

"Watu kumi na wawili, wote wanalala muda wa saa nane?"

"Ndivyo walivyosema."

"Waliofukuzwa kwao, hakuna hata mmoja mwenye hofu? Alnashir, hizi umezijaza wewe mwenyewe? Kwenye basi?"

Hapo ndipo alipolipuka. Alipiga meza mpaka tepurekoda ikaruka.

"Mimi mwongo? Sharti lako ndilo limewafunga midomo! Umenituma majumbani kwa watu nikae kama karani wa serikali, chai nimeikataa, halafu unataka waniambie siri zao? Kwetu mtu asiyegusa kikombe chako amekuja kukuchukulia kitu!"

Dokta Jennifer hakuinua sauti. "Sikuamini bado," akasema. "Kesho nipeleke kwa huyo wa kwanza. Nikiona uongo, umekwisha hapa."

"Mimi pia sikuamini. Saa nne. Na njoo na njaa."

Jumamosi wakakaa wote wawili sebuleni kwa Bi Mardhiya. Chai ikamiminwa. Dokta Jennifer akasitasita, akanywa. Akaongezewa, akanywa tena, akala visheti mpaka sukari ikamganda kidevuni. Bi Mardhiya akamgeukia Alnashir.

"Mwulize, jina langu linakwenda wapi?"

"Kwenye kabati," Dokta Jennifer akajibu. "Ufunguo ninao mimi."

"Na wakubwa zake wakitaka kuliona?"

Dokta Jennifer akakiweka kikombe chini. "Wanaweza kuomba," akasema. "Hawajawahi. Wakiomba, sijui kama nitaweza kuwakatalia."

Alnashir angeweza kulilainisha lile jibu, aseme hapana, haonyeshwi mtu, fomu ijae, nafasi ibaki yake. Akalifasiri vile vile lilivyo, neno kwa neno.

Bi Mardhiya akakuna kichwa. "Huyu walau hasemi uongo. Basi mwambie jina langu alitoe."

Dokta Jennifer akaikunja fomu juu, akachana kipande chenye jina, akampa mwenyewe. Bi Mardhiya akakitia kifuani.

"Silali," akasema. "Tangu tuteremke kwenye ndege ile. Talib mume wangu anakoroma, miye nakaa kitini, nimevaa koti, mkoba mapajani. Mlango ukigongwa, niwe tayari. Andika hiyo."

Alnashir akaandika.

Jumatatu, maabarani, Dokta Jennifer akapiga chapa karatasi moja: fomu kumi na mbili zimeharibiwa na sharti la maabara, si na mwanafunzi, zirudiwe bila majina, na chai inaruhusiwa, mwanafunzi aandikishwe. Akatia saini.

"Nataka nakala," Alnashir akasema.

"Bado huniamini?"

"Bado."

Dokta Jennifer akaweka karatasi nyingine kwenye taipureta, akaipiga yote upya, akasaini. Alnashir akaisoma mstari kwa mstari akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Ndipo akavuta kiti, akakaa.