Mwarobaini wa mama mdogo

Leo nimefika Manyamanyama nikakuta mwarobaini wa mama mdogo umechunwa gome mpaka kwenye matawi.
Nikauliza nani kaufanya hivi.
Mama mdogo akacheka. "Si wewe?"

Ngoja nieleze. Mimi nafanya kazi maabara ya chuo. Tunachemsha majani na magome, maji yake tunayaweka kwenye visahani vyenye seli za kansa, tunaangalia kama zitakufa. Majuzi tulijaribu gome la mwarobaini huu, seli zikafa. Nikampigia mama mdogo simu nashangilia kama nimefunga goli.

Na mama mdogo anaumwa kansa ya titi.

Kumbe tangu siku ile analichemsha gome, anakunywaga kikombe asubuhi na jioni. Wagonjwa wengine wanatoka mpaka Kiriba kuja kuchukua, anawagawia bure. "Dawa ya mwanangu siiuzi," anasema.
Kliniki ya Mwanza ameacha kwenda.

Nikaanza kujieleza huku naangalia chini. Mama, kwenye kisahani hata sabuni inaua seli. Mwili wa mtu ni kitu kingine kabisa, huko bado hatujafika.

Akaweka kikombe chini taratibu.
"Sasa mbona kwenye simu ulifurahi vile?"

Nikamwomba tu arudi kliniki, jamani.

Yeye yuko ndani anatafuta kadi yake ya kliniki. Mimi nimekaa hapa uani, na kuna mama mmoja kaingia sasa hivi na chupa tupu, ananiamkia, "Shikamoo daktari."

Nyie mngemwambia nini mama huyu?