Mwanamke Aliyekalia Pipa la Maji

Kumekucha, na kitu cha kwanza anachokiona ni mstari mweusi, mwembamba kama uzi, umelala juu ya zege karibu na lango. Anasimama. Anainama. Anaugusa kwa ncha ya kidole, na mstari unainuka pamoja na kidole.

Si ufa. Ni unywele wa mkia wa ng'ombe.

Anaupeperusha, anashusha pumzi, kisha anageuka kuangalia kama kuna aliyemwona. Yupo. Fundi mkuu, ambaye ni shemeji yake, ameegemea nguzo ya banda, kikombe cha chai mkononi.

"Shemeji, hata unywele unataka kukutoa roho?"

"Acha tu, shemeji," anajibu, na kuificha mikono nyuma.

Kazini wanamwita Fagio. Zege likishamwagwa na kusawazishwa, yeye ndiye anayelipitishia fagio gumu likiwa bado bichi, ili likikauka libaki na mistari. Mistari hiyo huzuia tairi kuteleza, na kwato pia. Akiwahi, fagio linang'oa kokoto. Akichelewa, anafagia jiwe. Kwa hiyo hungoja mpaka ule mng'ao wa maji upotee juu, halafu hubonyeza kwa dole gumba.

"Ukiliuliza mapema linakufokea," anasema kwa sauti ya chini. "Ukichelewa halikujibu."

Leo ni siku ya mtihani. Lori la maziwa linarudi.

Kabla ya kazi hii, uwanja huu wa zizi ulikuwa tope tupu. Kuna mafundi wengine walikuja kwanza, wakamwaga sakafu nyembamba kama ya sebuleni, na lori lilipoikanyaga mara ya kwanza ilivunjika vipande kama kigae. Mvua ziliponyesha, lori likazama mpaka ekseli, likavutwa kwa trekta. Dereva akaapa kwamba hatarudi mpaka aone ardhi ya kukanyaga.

Mama mwenye ng'ombe anasema hizo zilikuwa wiki za kukosa usingizi. Maziwa mengine waligawiwa majirani, mengine wakanywa ndama, mengine yalimwagwa.

"Ng'ombe huwezi kumwambia asubiri, atatoa maziwa kesho kutwa," anasema. "Nilikuwa nimeshaanza kuchagua nimuuze nani kwanza. Kila nikimchagua mmoja, ananitazama."

Safari hii kazi ilifanywa kwa namna nyingine. Tope lote lilichimbwa na kutolewa, mawe yakashindiliwa, wavu wa nondo ukatandazwa na kuinuliwa kidogo kutoka chini. Zege lilimwagwa unene wa shibiri nzima, kwa mteremko wa kupeleka maji mtaroni. Likakatwa mikato mirefu ya kuligawa.

"Zege kupasuka litapasuka tu," fundi mkuu anaeleza. "Sisi tunalionyesha pa kupasukia."

Lakini siku ya kumwaga, kazi nusura iharibike, na ni kwa kosa ambalo kila fundi wa zege analijua na bado hulifanya. Jua lilikuwa kali na upepo unakausha. Mchanganyiko ukawa mgumu, makoleo yanakwama, mikono inaota malengelenge. Mwendesha mashine ya kuchanganyia zege, wanayemwita Kelele, akachukua ndoo aongeze maji ili zege lilainike. Fundi mkuu alikuwa mbali, upande wa lango, akisawazisha kwa ubao.

Fagio aliweka fagio lake chini. Akaenda kwenye pipa la maji, akalifunika, akapanda akalikalia.

"Dada, shuka nichote maji."

"Nimechoka."

"Umechoka? Tangu asubuhi fagio lenyewe hujaligusa!"

"Nimechoka kungoja."

"Basi kachokee kule kivulini!"

Watu walicheka mpaka wakaegemea makoleo. Yeye hakushuka. Kelele akapaza sauti, na hilo jina hakupewa bure.

"Fundi! Njoo umwone shemeji yako! Ameliatamia pipa kama kuku!"

Fundi mkuu alikuja amekunja uso. Akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Akaitazama mashine. Akachota zege kiganjani, akalifinya, likashikana bila kuchuruzika.

"Mwacheni apumzike," akasema. "Na nyinyi mmwage hivyo hivyo. Likiwa gumu, lishindilieni."

Walilishindilia kwa vyuma huku wananung'unika, na Kelele akanung'unika kwa niaba ya wote. Fagio hakueleza kitu, si siku ile wala siku zilizofuata. Alishuka pipani ulipofika wakati wa fagio, akafanya kazi yake.

Kunyamaza hakukuanzia pale. Aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua na wadogo zake wakabaki bila mtu wa kuwapikia. Hata kabla ya hapo, mwalimu akiuliza swali, yeye alikuwa analijua jibu na kuinamisha kichwa mpaka mwingine alitoe. Kazi hii aliiingia baada ya mume wake, ambaye ni mdogo wa fundi mkuu, kuumia mgongo akishusha saruji. Siku hizi mume hushona viatu barazani, naye mke ndiye anayerudi jioni na saruji kwenye nyusi.

Habari ya maji hakuambiwa na mtu, aliiona mwenyewe. Kwenye ghala moja la nafaka zege liliwahi kuongezwa maji likamwagwa jepesi kama uji. Fagio lilipita kwa raha, mistari ikapendeza. Msimu uliofuata akapita njia ile.

"Nilikuta vumbi," anasema. "Mistari yangu yote ilikuwa imekwenda na upepo."

Hapa zizini, baada ya kumwaga, alilifunika zege kwa magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni ili lisikauke haraka, akifukuza ng'ombe kwa fagio lile lile. Mama mwenye ng'ombe alimtania kwamba hata mtoto wa kumzaa haogeshwi hivyo.

Sasa mlio wa lori unasikika barabarani. Dereva anasimama nje ya lango, anashuka, anapiga zege teke kwa kisigino.

"Mara ya mwisho nililala hapa na mbu," anasema. "Mkinilaza tena, chai ni juu yenu."

Lori linaingia polepole. Kuingia si kazi, tangi ni tupu. Maziwa yanavutwa kwa mpira, tangi linajaa, springi zinalalia tairi. Wote wanalitazama lori. Fagio peke yake amechuchumaa, anatazama mkato wa karibu na lango.

Lori linaanza kutoka; tairi za mbele zinapita. Za nyuma zinapita, mbili mbili. Kokoto moja iliyodondoka inasagika. Zege halisemi kitu.

Dereva anapiga honi ndefu na kutoa mkono dirishani. Mama mwenye ng'ombe anaipindua ndoo, anaikalia, anacheka huku anafuta macho kwa upande wa kanga.

"Mwanangu," anamwambia Fagio, "leo nalala."

"Dada, leo una ruhusa ya kuchoka," Kelele anadakia. "Pipa lile pale!"

Wanacheka, naye anacheka nao. Vifaa vinapakiwa. Fundi mkuu anasema kazi inayofuata ni uwanja wa kiwanda cha mbao, yanakoingia malori ya magogo, mazito kuliko hili. Fagio anasimamisha kazi, ameshika mpini kwa mikono miwili.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Siku ile sikuwa nimechoka."

Fundi mkuu anatua mbao alizobeba. "Ulikuwa unaatamia?"

"Nilikuwa nakataa. Maji yalikuwa yametosha." Safari hii hatazami vidole vya miguu. "Huko kwenye magogo, ndoo ya maji nataka niishike mimi. Na atakayekuja kuongeza, nitamwambia kwa mdomo."