Kisu Kilichonyoa Masharubu

Mjomba wangu ni mhunzi huko Lufingo, na siku aliponitengenezea kisu sikumpa nafasi ya kukimaliza. Alikuwa amekifua kutoka kwenye springi ya gari bovu, akakichovya kwenye mafuta kikalia kama chapati inayotua kwenye kikaango. Kilikuwa cheusi tii, kimejaa magamba ya moto. Matundu ya mpini yalikuwepo, lakini mpini wenyewe hakuna, wala makali.

"Uje wiki ijayo," mjomba akasema. "Nikisugue, nikitie mpini, nikinoe."

Mimi nilikuwa nimeshakishika na mkono haukutaka kukiachia. "Mjomba, nitamalizia mwenyewe."

"Kwani unajua kupiga tupa?"

"Nitajua."

Akacheka, akakifunga kwenye gazeti. Nikateremka kutoka Lufingo karibu nikikimbia.

Kusema kweli nilikuwa namfahamu mtu anayejua kupiga tupa. Mchumba wangu alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya kiwanda cha chai, na Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo alipaswa kuja na mshenga wake nyumbani kwa baba, Msasani ya huku kwetu milimani, kuleta posa. Baba alikuwa hajawahi kumwona ila kwenye picha ya simu yangu. Katika picha ile kitu cha kwanza unachokiona ni masharubu. Yalikuwa mazito, yamechanwa, yamekaa juu ya mdomo kama yamepanda cheo. Baba alikuwa ameyatazama muda mrefu, kisha akasema, "Huyu anaonekana mtu mzima."

Mimi nilikuwa naishi na bibi, mama yake baba, Masoko. Ijumaa mchumba wangu akiwa mapumziko akaja na tupa mbili, msasa na kipande cha jiwe la kunolea. Bibi akatandika mkeka barazani, akakaa na ungo wake wa maharage katikati yetu, ili mtu asiseme lolote.

Tulikifunga kisu kwenye benchi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Akanionyesha: sukuma tupa mbele, inua, rudisha, usiburuze kurudi nyuma. Nikaanza. Mara ya kwanza tupa ilipiga kelele mpaka kuku wakahama uani. Mara ya pili vivyo hivyo. Halafu mkono ukaelewa, sauti ikatulia, na chini ya ule weusi nikaona mstari mweupe unang'aa kama jino.

"Bibi! Tazama!"

"Naona, mwanangu. Endelea, hujamalisa." Bibi amezaliwa na Kinyakyusa, na Kiswahili chake hakijali z wala r.

Basi mimi na mchumba wangu tukapokezana. Yeye upande huu, mimi upande ule, mpaka bapa zote mbili zikawa nyeupe na unene wake ukapungua taratibu kuelekea kwenye makali. Tukazungushia msasa kwenye kijiti, tukadondoshea mafuta, tukasugua kwa urefu. Vidole vyetu vikawa vyeusi, pua yangu ikawa nyeusi, na yeye kila akiitazama pua hiyo alishindwa kuendelea. Mvua ikaanza, mvua yetu ile isiyo na haraka, nasi tukawa tunacheka tu. Ukiniuliza tulicheka nini, sijui. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyekunywa soda akiwa na njaa.

Mpini tuliuchonga kwa mti wa mkahawa uliokauka nyuma ya jiko. Tukaukata mapande mawili, tukayabana kwenye kisu kwa misumari iliyokatwa vichwa, tukaigonga ncha kidogo kidogo zikatanuka zikashika. Nikauzungusha mkononi. Ulinienea kana kwamba kiganja changu ndicho kilichopimwa.

Ikabaki kunoa. "Lowesha jiwe," akaniambia. "Laza kisu, kisha kiinue mgongo kidogo tu. Halafu kisukume kama unakata utando mwembamba juu ya jiwe." Nikanoa upande mmoja mpaka nikahisi kwa kidole kijinywele cha chuma kimejikunja upande wa pili. Nikageuza. Nikageuza tena. Mwisho tukakipitisha kwenye mkanda wake wa suruali, kurudi nyuma, taratibu, mpaka kile kijinywele kikatoweka.

Tukakata gazeti, likaachana bila sauti. Tukakata nyanya, kipande kikawa chembamba hata unaona mvua ng'ambo yake. Akakipitisha kwenye mkono wake, vinyweleo vya malaika vikadondoka, pakabaki uwanja.

"Kisu kisuli!" bibi akasema, akasahau maharage.

Mimi sijui nani alinituma. Nikasema, "Mkononi ni rahisi. Masharubu je?"

"Hata masharubu."

"Hayo yako? Hakiwezi."

Akaomba kioo. Nikaleta kile kidogo cha chumbani, nikamshikia. Akajipaka sabuni, akanyoosha mdomo, akaanza kupunguza ncha ya kushoto, kidogo kabisa. Kilikuwa kinakata vizuri mno. Hapo bibi akasema, kwa upole, "Mume wetu, umekunja uso kama mbusi anayelamba chumvi."

Akacheka. Kisu hakikucheka, kikaendelea. Nusu ya sharubu la kushoto ikaanguka kwenye kioo.

Kisha akapunguza la kulia yalingane. Likazidi. Akarudi kushoto. Likazidi tena. Nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka, maharage yamemwagika, bibi anajipiga mapaja, na mchumba wangu, posa Jumapili, anaosha uso wa mtoto wa shule.

Jumapili mimi na bibi tulitangulia Msasani na kisu chetu, kisha wakafika yeye na mshenga, wamevaa suti. Baba akawapokea, akawakaribisha viti, akamtazama kijana, akaitazama simu yangu, akamtazama tena. Akamgeukia mshenga.

"Tunashukuru kwa kuja. Ila mwenyewe yuko wapi? Huyu si mdogo wake?"

Mshenga, aliyekuwa amejiandaa kwa maswali mengine yote, akageuka kumtazama mwenyewe. Mchumba wangu akainama. Ndipo bibi akanyanyuka kwenye kiti chake.

"Ni yeye, mwanangu. Nilikuwepo akinyolewa. Ni kisu cha mjomba wa mtoto."

"Kisu?" baba akauliza. "Kisu gani kinanyoa?"

Nikatumwa jikoni kukileta. Baba akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha dole gumba juu ya makali kwa tahadhari. "Nani kakinoa?"

"Mimi na yeye, baba."

Akamtazama kijana juu ya mdomo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na baba yangu, ambaye hata kanisani hutabasamu kwa kiasi, akacheka mpaka akavua miwani. Mshenga naye akacheka kwa nguvu kuliko wote, kwa kupata nafuu. Posa ikapokelewa.

Jikoni shangazi zangu walikuwa wameshaning'ang'ania. "Kisu kiko wapi? Lete na mimi nijaribu." Mmoja akakata kabichi, nyuzi zikatoka nyembamba kama uzi wa kushonea. Mwingine akamnyang'anya, akakata lake. Mama akasema basi, yanatosha, halafu akakishika mwenyewe akamaliza makabichi yote yaliyokuwa kwenye gunia. Jioni ile majirani wa Msasani walipita mlangoni na mabakuli, na kila mmoja aliondoka na kabichi asiloliomba.