Kopo la Shaba Mfukoni mwa Ovaroli

Sijawahi kufua nguo ya mtu bila kupekua mifuko, wala sioni aibu kusema hivyo. Ndivyo nilivyolikuta lile kopo la shaba, limeviringishwa kwenye kitambaa ndani ya ovaroli la mume wangu.

Nililijua. Lilitoka kwenye gari la kifahari la zamani la mzee mmoja wa Temple Hills, huku Marekani tunakoishi, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni. Gari hilo alilirithi kwa baba yake, aliyekuwa dereva wa matajiri. Mbele ya rejeta lina vibao vya chuma. Injini ikiwa baridi vinajifunga. Ikipata moto, kopo lile hutanuka na kuvifungua. Mzee alikuwa ameahidi kumpeleka binti yetu kanisani kwa gari hilo siku ya harusi yake, mwezi Februari, na mume wangu, fundi tangu Dar es Salaam, alilihudumia kila Jumamosi kwa shukrani.

Nikalirudisha mfukoni nikanyamaza. Nilitaka kuona atasema nini. Hakusema kitu. Ila simu yake ikilia alitoka kwenda kuongelea kibarazani, na baridi yote ile.

Siku mbili baadaye mzee akanipigia.

“Dada yangu, samahani. Gari linatoa moshi mweusi, halitaki kupata joto. Kuna kifaa hakipo. Mume wako hajakuambia lolote?”

Nilimjibu hapana. Vifaa vya magari yale vinawindwa na kuuzwa ghali, na sisi tulikuwa na harusi mlangoni. Nimeolewa na mwizi? Jioni nikalitoa tena kopo mfukoni, nikaliweka mezani, kando ya sahani yake ya wali.

Alilitazama, kisha akanitazama mimi.

“Umedhani nimeiba?”

“Nimedhani. Kwa nini umelificha?”

“Mama, hii ni thermostat! Bongo fundi gani anaiacha kwenye gari? Ndiyo inayochemsha injini. Sitaki mwanangu akwame kwenye barabara kuu ya Beltway na shela lake. Nimempigia mpaka fundi mwenzangu wa Ilala, naye kasema toa, vibao uvifunge kwa waya vikae wazi.”

“Na mzee?”

“Angekataa.”

Hapo nilimwamini, maana hata kwenye gari letu la kwanza aling'oa thermostat siku tuliyolileta nyumbani. Lakini nilimwamini nikiwa nimechelewa, na alijua.

Tulikwenda Temple Hills pamoja. Mzee hakufoka. Alichemsha maji, akalitumbukiza kopo ndani ya sufuria, nalo likatanuka polepole mbele ya macho yetu.

“Haichemshi injini, ndugu,” alisema. “Inaisubiri ipate joto kwanza. Bila hii, kwenye baridi ya huku, injini inakohoa tu. Ungeniuliza.”

Mume wangu alilirudisha kopo mahali pake kwa mikono yake mwenyewe. Tulipoaga, niliona ufunguo wa gari, ambao siku zote ulining'inia kwenye msumari pale mlangoni, umeingia mfukoni mwa mzee.

Siku ya harusi vibao vilifunguka taratibu, gari likaenda bila kukohoa, binti yetu akicheka dirishani. Mume wangu alifuata nyuma kwa gari letu.

Mzee ameshamsamehe, ufunguo umerudi kwenye msumari. Nyumbani kwetu ndiko hakujatulia. Siku hizi, kabla hajanipa nguo za kufua, mume wangu anaipindua mifuko yote nje, mmoja mmoja, nami nimesimama pale nikimtazama.